Nimeshakula

Simu ya shule ilinikuta nimeshika kola. Ilikuwa saa mbili kasoro asubuhi, wiki ya pili ya Januari, msimu ambao sisi mafundi wa sare pale Kariakoo hatuinui vichwa, maana kila mzazi hukumbuka dakika za mwisho kwamba mtoto karefuka. Nilikuwa nashona shati la mtoto wa mtu. Mwalimu akasema, "Mama, binti ameanguka paredi. Usihangaike, ameshaamka, ila njoo."

Naishi Gongo la Mboto. Saa ile magari ya kwenda huko hayana watu, foleni yote iko upande wa kuja mjini, lakini siku hiyo niliona daladala linatambaa. Kondakta alinidai nauli mara mbili, nikampa mara mbili. Kichwani nilikuwa na swali moja tu: jana huyu mtoto alikula nini? Niliwaza kuanzia Buguruni, tukapita Tazara, tukafika Banana, sijapata jibu. Usiku nilikuwa nimerudi saa tatu na nusu nikakuta masufuria yameoshwa na sahani zimepangwa. Kwangu mimi, vyombo vikishaoshwa maana yake watu wamekula. Ndivyo nilivyokuwa nalea, kwa kusoma vyombo.

Wanangu ni wawili. Huyu binti ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Mdogo wake wa kiume ana 14, kidato cha kwanza, sauti imeanza kukwaruza na viatu vya Desemba havifiki Machi. Hapa nitawaita Mkubwa na Mdogo, maana wote wanajua kusoma na hawajui kusamehe. Baba yao tumeachana mwaka wa saba huu. Mtaani mimi ni singo maza, na binti wa singo maza akianguka paredi, mtaa mzima unaanza kuhesabu miezi. Hata muuguzi pale kituo cha afya, kabla hajauliza kingine chochote, alimpa kikopo cha mkojo. Sikumlaumu, ndiyo kazi yake. Ila nilimwona mwanangu alivyoinamisha kichwa anapokipokea, na sijasahau.

Mimba hakuna. Malaria hakuna. Damu ni 9.1.

Daktari alieleza kwamba kwa msichana wa umri wake haitakiwi ishuke chini ya 12. Akaandika vidonge vya madini ya chuma na vitamini ya foliki, akaongeza dawa ya minyoo, akauliza hedhi yake ikoje, akaandika na hilo. Kisha akatuelekeza chumba cha pili tukaonane na afisa lishe. Nikajua tunakwenda kusomewa somo la mlo kamili. Ukutani palikuwa na bango la makundi sita ya vyakula, limepauka kwa jua, na nilishajitayarisha kutikisa kichwa na kusema ndiyo dada, ndiyo dada, halafu niwahi kola zangu.

Yule dada hakufundisha kitu. Alichukua karatasi akamwambia Mkubwa, "Nitajie kila kilichoingia mdomoni kwako kuanzia jana ulipoamka mpaka ulipolala. Hata karanga moja."

Mkubwa akataja. Asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili. Mapumziko ya shule, mihogo ya kukaanga na chachandu. Mchana hakuna. Usiku ugali na maharage. Yule dada akauliza ugali kiasi gani, maharage vijiko vingapi. Mkubwa akanitazama kwanza. "Kidogo," akasema.

Dada akafungua vidole vyote kumi. Akatueleza kwamba wao huvigawa vyakula mafungu kumi: nafaka na mizizi fungu moja, jamii ya kunde, karanga na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, majani ya kijani, kisha matunda na mboga za rangi ya njano kama embe na karoti, mboga nyinginezo, na matunda mengine. Mwanamke akipata walau matano kwa siku, kuna matumaini kwamba mwili unapata madini na vitamini zake. Akaanza kukunja. Maandazi, mihogo na ugali, vyote hivyo kidole kimoja. Maharage, cha pili. Akasubiri. Nikasema, "Na nyanya na kitunguu cha kwenye maharage?" Akatabasamu: "Hiyo ni harufu, mama."

Viwili.

Halafu akanigeukia. "Na wewe mama, jana?" Nikafungua mdomo, na kilichotoka, naapa, kilitoka chenyewe: "Mimi nilikuwa nimeshakula." Mkubwa akaangua kicheko. Kicheko cha mtu mwenye damu 9, kifupi, kikaishia kwenye kukohoa. Akasema, "Mama, na mimi ndivyo ninavyosemaga."

Hapo ndipo mambo yakaanza kutoka moja moja, kama uzi ukiupata mwanzo wake.

Neno hilo nimelitumia miaka. Mboga ikiwa kidogo, nimeshakula mjini. Mayai yakiwa mawili, nimeshakula. Mama yangu alilisema kule Singida, na bila shaka na bibi. Nilidhani wanangu wanaliamini. Kumbe Mkubwa alilichunguza, akalielewa, akalichukua. Tulikuwa tunakula sinia moja, yeye na mdogo wake, mimi nikichelewa. Sasa sinia halina huruma kwa anayekula taratibu. Mdogo anakula kama anafukuzwa: tonge moja, mboga mbili. Mkubwa ana adabu ya bibi yake, anatafuna mpaka anamaliza ndipo anachovya. Akiangalia bakuli limebaki rojo, anasema "nimeshakula kwa rafiki yangu," anakwenda kuosha vyombo. Ndivyo vyombo nilivyokuwa nikivisoma.

Kisha mchele. Kwa miezi kadhaa mchele kwenye ndoo ulikuwa unapungua bila kupikwa. Nikamsingizia panya, nikamsingizia Mdogo kwamba anauza. Nilimpiga makonzi mtoto wa watu kwa ajili ya mchele, Mungu anisamehe. Kumbe ni Mkubwa, anautafuna mbichi, kikombe kizima, usiku anaposoma. Daktari alipoulizwa alisema tena bila kushangaa: mwili wenye upungufu wa madini ya chuma una hizo tamaa, mwingine hutafuna barafu, mwingine udongo. Na mimi nikakumbuka udongo wa Pemba unaouzwa gengeni karibu na ubuyu, na wanawake wanaoununua, na jinsi tunavyocheka tukisema fulani ana hamu za mimba.

Na pesa ya shule. Nilikuwa nampa 1,500 kila siku, kwa sababu mchango wa chakula cha mchana pale shuleni sikuumaliza, na ambaye hajamaliza halishwi. (Kuhusu binti kukaa nje ya bwalo akiwatazama wenzake, nina maneno yangu, ila nitayameza, maana hata mpishi anayesambaza sahani naye anatumwa.) Mihogo ya 500, na 1,000 anaweka. Nikamuuliza anaweka ya nini. Akajibu chini chini: taulo za kike. Pakiti ya kwanza ikimwishia siku ya tatu, na yeye hutoka siku saba. Hakutaka kuniambia kwa sababu, nanukuu, "ulikuwa unalia kuhusu kodi ya nyumba."

Kwa hiyo mtoto alikuwa anapoteza damu kuliko kawaida, na ili ajisitiri anakula pungufu, na kwa kula pungufu hatengenezi damu. Nilikaa na huo mduara usiku kucha. Wanaokumbuka watakumbuka kwamba mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na 2019 ikairudisha kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Mimi siyo mchumi. Najua tu kwamba kwenye nyumba yangu kodi hiyo ililipwa kwa mihogo.

Siku zilizofuata kila jirani alikuwa daktari. Rozela. Maji ya matembele. Nyanya ya kopo koroga na soda. Mama mwenye nyumba alileta jagi la rozela jekundu kama bendera, na Mkubwa alilinywa kwa heshima. Nilipomtajia afisa lishe, alisema rozela ni kinywaji kizuri, anywe tu, ila wekundu wake si damu. Halafu akanipa mfano ambao nimeurudia kwa wateja mpaka wamechoka. Chuma cha kwenye nyama, maini, samaki, kinapanda daladala na nauli yake mkononi. Chuma cha kwenye maharage na mchicha hakina nauli, kinapandishwa na msamaria, na msamaria huyo ni vitamini C: ndimu, chungwa, embe, nyanya mbichi, pera. Sasa wewe ukishushia mlo huo na chai, chai ndiyo kondakta mkali. Inakiteremsha.

Nyumbani kwangu chai ilikuwa inanywewa na kila kitu. Ugali na chai. Maharage na chai. Vidonge vyenyewe vya damu Mkubwa alivimeza siku ya kwanza kwa chai! Tukabadilisha. Chai ikahamia saa kumi jioni, mbali na milo, na chakulani pakawekwa ndimu. Hicho hakikuongeza shilingi kwenye bajeti, na ndiyo maana nakitaja mapema. Ushauri mwingi wa lishe unaosikika redioni unaanzia buchani.

Cha pili ambacho hakikugharimu kitu ni sinia. Nilinunua zamani sahani za udongo sita, zilikuwa kabatini zinasubiri wageni ambao hawakuja. Nikazitoa. Ugali kila mtu ajikatie, ila mboga inagawiwa kabla, bakuli tatu, na bakuli langu likiwemo hata nikiwa njiani. Mdogo akalalamika wiki nzima kwamba tumekuwa Wazungu. Mama yangu kwenye simu alisikitika zaidi, "Kula sahani mbalimbali ni kutengana." Namwelewa. Kwetu tulikuwa saba kwenye sinia moja, na tulipendana. Lakini mama alikuwepo. Alikaa pale na mwiko, anamwona mwenye pupa, anampiga kidole, anasogeza nyama upande wa aliye mdogo. Sinia linahitaji mzee. Nyumba ambayo mzee wake yuko kwenye foleni ya Tazara haina haki ya sinia.

Sasa maharage, hapa nitakaa kidogo maana kuna jambo watu wa mabango hawalisemi. Maharage kilo haifiki 4,000 na inalisha watatu siku kadhaa. Sawa. Yaivishe. Mtungi wangu wa gesi ni ule mdogo wa kilo 6, na ukipika maharage makavu juu yake kila siku ya pili, haufikishi mwezi. Mkaa nao unanunuliwa kwa kopo. Ndiyo maana mama anayerudi usiku anapitia chipsi: siyo uvivu, chipsi zimekuja na moto wake. Nilikuwa nafanya hivyo mara tatu kwa wiki. Chipsi kavu za watoto, mimi nimeshakula.

Suluhisho nililopata ni la Jumapili. Jumamosi usiku naloweka kilo mbili, asubuhi namwaga maji, nawasha mkaa mara moja, yanachemka kwa nguvu kama robo saa, halafu nafunika sufuria, nalifunga kwa khanga mbili na blanketi kuukuu, naliweka kwenye ndoo kubwa, naenda kanisani. Nikirudi yamelainika nusu, yanamaliziwa kwa moto uliobaki. Nayagawa kwenye makopo matano ya siagi. Friji sina. Jirani anauza barafu, ana friza, ananitunzia kwa 1,000 kwa wiki. Siku za kazi Mdogo anachukua kopo moja, anaunga dakika kumi, basi.

Ndiyo, Mdogo. Kupika nilimpa yeye makusudi. Mkubwa alikuwa amelegea, na kwa kweli amepika tangu ana miaka tisa, inatosha. Mdogo alinigomea siku mbili. Kaka mmoja wa kijiweni akamtania, "Kijana, umeolewa?" Akarudi na uso umevimba. Nikamwambia wapishi wa hoteli zote za Posta ni wanaume na wanalipwa. Ugali wake wa kwanza ulikuwa na mabonge kama kokoto, wa pili uji, wa tatu tukaula. Leo ana maringo nao. Anasonga kwa mkono mmoja, mwingine mfukoni.

Unga nao tulibadilisha, kwa vita. Sembe ni mweupe, mzuri kwenye macho, ila kiini na maganda vimebaki mashineni. Dona ni punje nzima. Mdogo alisema, "Mama, huu ni ugali wa jela." Nikamwambia jela hawaanguki paredi. Shida ya dona ni kwamba haikai muda mrefu, yale mafuta ya kiini yanachacha, kwa hiyo nanunua mahindi kilo kumi na kusagisha kidogo kidogo. Na tunayachambua kwenye ungo kwanza, wote watatu, tunatoa yaliyooza na yenye ukungu. Sumukuvu si hadithi, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na sisi wa Singida tuliisikia hiyo habari ikiwa karibu mno. Kuchambua mahindi kukageuka kuwa jambo la Jumatano. Mtoto wa kiume wa miaka 14 hasemi ukimtazama usoni. Ukimpa ungo, ukatazama mahindi naye anatazama mahindi, anasema. Hapo ndipo nilijua kwamba alikuwa ananunua kile kinywaji cha kuongeza nguvu cha kopo dogo kila asubuhi badala ya kula, kwa sababu kinamwondolea usingizi wa kipindi cha kwanza na njaa haimsumbui hadi saa sita. Nikajua pia kwa nini saa saba alikuwa anagombana na kila mtu. Nimeitwa shule kwa ugomvi wake mara mbili mwaka jana, na mara zote mbili niliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba mtoto wa kiume anahitaji baba. Inawezekana. Alihitaji pia kiamshakinywa.

Siku hizi asubuhi kuna kiporo. Nimerudi kwenye kiporo bila aibu: viazi vitamu vilivyochemshwa jana, au wali na maharage, au mayai siku za mshahara. Yai linacheza 300 na 400, kwa hiyo tunayahesabu kama vifungo. Dagaa ndiyo uti wa mgongo wa nyumba. Wale wa Mwanza, ambao wauzaji wenyewe wanakuuliza, "Wa kuku au wa kula?" Naosha kwa maji ya moto maji manne mpaka mchanga uishe, nakausha juani, nakaanga na nyanya nyingi na ndimu. Samaki mzima, mifupa yake na kichwa chake, vidole viwili vya afisa lishe sijui, lakini kimoja kikubwa. Jumamosi maini robo kilo au bandama, huyo Mkubwa anapewa kipande kikubwa na hakuna mjadala. Mdogo alijaribu kuanzisha mjadala wa usawa. Nikamwambia siku utakayotoka damu kila mwezi tutaongea. Akanyanyuka mezani.

Na mlenda. Mama yangu ananitumia kwa basi: mlenda mkavu, karanga, mafuta ya alizeti dumu la lita tano. Miaka yote nilikuwa nauficha huo mlenda, naupika siku watoto hawapo, kwa sababu walipokuwa wadogo waliuita makamasi mbele ya wageni. Sasa naupika na karanga za kusaga, mzito. Mkubwa anaula. Mdogo anasema anaula kwa ajili ya sayansi.

Sipendi kudanganya kwamba haya yote yaliingia kwenye ratiba ile ile. Hayakuingia. Nilimwomba mwenye fremu niwe natoka saa kumi na moja jioni, nichukue kola na vifungo nikavimalizie nyumbani. Nalipwa kwa kipande, na nyumbani sina cherehani ya umeme, kwa hiyo natengeneza pungufu. Kipato kimeshuka, na kuanzia Machi mvua ilipoanza kimeshuka zaidi, watu hawashonei sare kwenye tope. Mwezi wa nne nilichelewesha kodi. Kuna jioni nilikaa nikapiga hesabu: gharama ya mimi kula chakula cha usiku na wanangu ni shilingi ngapi? Nilipata jibu, halikunifurahisha, na bado natoka saa kumi na moja. Sijui kama nitaweza Januari ijayo.

Mtu atauliza baba yao. Sheria ya Mtoto ya 2009 iko wazi kwamba matunzo ni wajibu wa wazazi wote wawili, na niliwahi kwenda ustawi wa jamii, akaitwa, akaja amevaa vizuri, akasaini. Alituma miezi mitatu. Tuendelee.

Vidonge vilimsumbua Mkubwa. Kichefuchefu, choo cheusi, tumbo kufunga, na ule wasiwasi wa msichana kwamba kuna kitu kibaya zaidi anafichwa. Kwa bahati tulikuwa tumeambiwa mapema kwamba choo kitakuwa cheusi, vinginevyo angevitupa. Alivimeza na juisi ya chungwa baada ya kula. Hedhi nayo ilipatiwa dawa. Taulo sasa zipo kwenye orodha ya sokoni, mstari mmoja na chumvi, na mwenye kwenda dukani ni yeyote, akiwemo Mdogo, ambaye mara ya kwanza aliomba afungiwe kwenye gazeti na mara ya tatu alirudi anasema kuna ya aina nyingine ni nafuu kwa 300.

Mwezi wa tano tulirudi kupima. 11.6. Mimi nilitaka kushangilia, daktari akasema bado, na hata ikifika 12 aendelee na vidonge ili akiba ijae. Yule dada wa lishe alifungua vidole vyake tena. Safari hii Mkubwa alihesabu mwenyewe: dona, maharage, karanga za mlenda, dagaa, mlenda wenyewe, embe. Sita. Alikunja kidole cha sita kama anafunga mlango. Darasani amepanda nafasi tisa, na sitaki kusema ni dagaa, amesoma mtoto. Lakini hasinzii. Na juzi nilimsikia anagombana na mdogo wake kuhusu nani kamaliza ndimu, kwa sauti kubwa, dakika kumi nzima, na sikuingilia. Mwaka jana hakuwa na pumzi ya kugombana.

Yale mambo ya vidole tuliyahamishia kwenye daftari, la mistari, limefungwa kwa uzi kwenye msumari wa jikoni. Mkubwa ndiye mwandishi. Lilikuwa na safu mbili, yake na ya mdogo wake. Mwezi wa sita nilikuta amepiga mstari wa tatu kwa rula bila kuniuliza, juu yake ameandika MAMA. Nilidhani ni utani, nikawa napita tu. Jana usiku, wamelala, nilisimama pale na taa ya simu nikasoma ya kwangu ya wiki hii. Jumatatu, ugali, dagaa, mchicha, pera nusu. Jumanne, wali, maharage, chungwa. Jumatano ilikuwa jana yenyewe, mteja alichelewa kulipa nikarudi saa nne. Ameandika kwa kalamu nyekundu: "Chai. Anasema ameshakula. Hajala. Tumembakizia dagaa, wako kwenye hotpoti ya bluu."

Niliikuta hotpoti hiyo leo asubuhi. Dagaa walikuwa bado wazuri.